Jina la Pembeni na Mikono Isiyotajwa: Historia ya Hanchifu ya Japani

Mwaka 1784, mjini Edo, jiji ambalo leo linaitwa Tokyo, kijana mmoja mwandishi na mchoraji, Santō Kyōden, alitoa kitabu cha michoro ya vitambaa vya kufutia mikono. Yeye na wenzake walikuwa wamefanya shindano: kila mtu abuni kitambaa chake, vikusanywe, vitazamwe, vilinganishwe. Ilikuwa nchi iliyomtenga samurai na mfanyabiashara kwa sheria, lakini katika shindano lile watu wa ukoo wa kisamurai walikaa ukurasa mmoja na watu wa maigizo na waandishi wa vijitabu vya mitaani. Kilichowakutanisha ni kipande cha pamba.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi hudhani mapenzi ya Wajapani kwa hanchifu yalikuja na suti na mikoba ya Kizungu. Hanchifu ya mfukoni ilitoka Ulaya, hilo ni kweli. Ila ilipofika ilikuta watu ambao walishaamua zamani kwamba kitambaa kidogo cha mkono kinastahili kipaji cha msanii, na kwamba hata mtu wa kipato cha chini anaweza kukimiliki kipaji hicho. Yote yaliyofuata, hadi hizi hanchifu za wabunifu wa Paris zinazotafutwa na wakusanyaji leo, yalijengwa juu ya uamuzi huo.

Pamba ya watu wa kawaida

Kitambaa alichokipenda Kyōden kinaitwa tenugui. Ni chembamba na kirefu, upana wa sentimita 33 hadi 35 na urefu wa takriban 90, na ncha zake hukatwa tu bila kupindwa. Hapo kale, kabla pamba haijaenea, vitambaa vya namna hiyo vilifumwa kwa nyuzi za mimea mingine na vilikuwa na nafasi katika ibada za Shinto. Kilimo cha pamba kilipoenea kuanzia karne ya 16, tenugui ilishuka hadi kwa seremala, mzima moto na mchuuzi wa samaki. Pindo lisiloshonwa lilikuwa na faida zake. Maji na uchafu havikwami kwenye mkunjo, kitambaa hukauka upesi, na mtu akijikata, au mkanda wa kiatu chake cha mbao ukikatika njiani, alikichana kwa mkono kikawa bendeji au kamba.

Watawala wa Edo waliwapiga marufuku watu wa kawaida kujifaharisha kwa hariri na mapambo ya gharama. Pamba haikuwasumbua. Basi mafundi na wateja wao wakaimimina kiu yao yote ya uzuri kwenye pamba. Waigizaji wa kabuki, waliopendwa mjini kama wanavyopendwa wanamuziki siku hizi, waligawa na kuuza tenugui zenye nembo zao. Ichikawa Danjūrō wa Saba alivaa jukwaani nakshi ya mundu, duara na herufi moja, ambavyo vikisomwa kwa mfululizo humaanisha "sijali." Onoe Kikugorō wa Tatu akawa na yake: shoka, kinanda cha koto na ua la krisanthemamu, vikitamkwa pamoja vinampa msikilizaji heri ya kusikia jambo jema. Mpenzi wa Danjūrō asiyeweza kulipia kiti kizuri ukumbini aliweza kutembea na fumbo la Danjūrō kichwani.

Wasimulizi wa rakugo, wale wanaosimulia visa vya kuchekesha wakiwa wamepiga magoti kwenye mto mmoja, wana vifaa viwili tu: upepeo na tenugui. Tenugui ikikunjwa hivi ni pochi, vile ni barua, ikikunjuliwa ni kitabu. Mpaka leo msimulizi akipandishwa daraja la juu hugawa tenugui zilizobuniwa kwa ajili ya siku hiyo.

Majina ya waigizaji tunayo, na ya wachoraji wengi tunayo pia. Waliokata violezo vya karatasi huko Ise, karatasi zilizopakwa maji ya tunda la persimoni hadi zikawa ngumu kama ngozi, hatuwajui isipokuwa wachache. Wala hatuwajui wengi wa waliochovya kitambaa kwenye mapipa ya nili. Desturi hii, jina la mwenye sifa kuonekana na mkono wa fundi kufichika, ilianzia huku, na tutakutana nayo tena.

Mwishoni mwa karne ya 19, rangi za viwandani zilipoingia, mafundi wa Osaka walitengeneza mbinu iitwayo chūsen. Kitambaa kirefu hukunjwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likipakwa gundi maalumu kupitia kiolezo ili kuzuia rangi mahali pasipotakiwa. Kisha rangi humiminwa kutoka kwenye chombo kama birika, huku hewa ikivutwa kutoka chini ili rangi ipenye tabaka zote. Vitambaa vingi hutoka kwa mmimino mmoja, na nakshi huonekana sawasawa pande zote mbili. Mtu akishika tenugui leo, upande wa nyuma ndio wa kuangalia kwanza: kama ni hafifu kuliko wa mbele, imechapwa juu juu tu.

Yokohama, mji wa hariri

Mwaka 1868 utawala wa Edo ukaanguka na serikali ya Meiji ikaanza kuwavalisha watu wake upya. Maofisa wakavaa koti na suruali. Mwaka 1883 ukumbi wa Rokumeikan ulifunguliwa Tokyo, wake wa mawaziri wakacheza dansi humo kwa magauni ya Ulaya. Kimono haikuwa na mfuko wa aina ile. Mtu alibeba karatasi laini na kitambaa kifuani, ndani ya mkunjo wa vazi. Koti lilikuwa na mfuko, na mfuko ukadai hanchifu.

Lakini habari kubwa ya hanchifu katika miaka hiyo ilikuwa bandarini, kwa wauzaji. Yokohama ilifunguliwa kwa meli za kigeni mwaka 1859. Kabla ya hapo ilikuwa kijiji cha wavuvi. Ndani ya miaka michache ikawa lango la hariri, bidhaa iliyoongoza mauzo ya Japani nje kwa miongo mingi. Serikali ilijenga kiwanda cha kuvuta nyuzi huko Tomioka mwaka 1872, na marobota yakashuka kutoka milimani hadi baharini. Wafanyabiashara wa Yokohama waliona mapema kwamba uzi mtupu humtajirisha zaidi yule anayeufuma. Mmoja wao, Shiino Shōbei, alikwenda kwenye Maonyesho ya Dunia ya Vienna mwaka 1873 kujifunza wateja wa kule wanataka nini. Walitaka vitu vyepesi, vya mraba, vinavyosafirika: hanchifu za hariri.

Hivyo katika miaka ya 1880 mji mzima ukazama katika kazi hiyo. Hariri ilikuja kutoka mikoani, ikakatwa miraba, ikapindwa na kudariziwa na wanawake majumbani mwao, kisha ikapandishwa meli kwenda Marekani na Ulaya. Baadaye mafundi waliokuwa wamerithi ustadi wa kuchapa picha kwa mbao walianza kuchapa juu ya hariri yenyewe. Karakana zilijipanga kando ya mito ya Ōoka na Katabira, kwa sababu kitambaa kilichochapwa kilipaswa kufukizwa na kisha kusuuzwa kwa maji mengi. Milima ya Fuji, korongo na maua ya cheri yakaingia kwenye mifuko ya watu ambao hawangefika Japani maisha yao yote.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanakijua kisa kinachofanana na hiki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa Ulaya, vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora, wakaviunga hadi vikawa vazi. Kutoka kwenye leso hizo za kuungwa ikazaliwa kanga. Na kanga nayo iliikuta Japani: katika karne ya 20, kati ya vita vikuu viwili na tena baada ya vita, viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi kwa ajili ya soko letu, zikisafirishwa na makampuni ya biashara ya Osaka. Mchapaji wa Kijapani aliyechapa taraza ya kanga hakuwa mgeni wa kazi ya mraba wenye pindo. Nchi yake iliifanya kwa vizazi.

Tarehe 1 Septemba 1923, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tetemeko kubwa la Kantō liliiangusha Yokohama na moto ukaimaliza. Maghala ya hariri yaliteketea na sehemu ya biashara ikahamia Kobe. Karakana zilijengwa upya, na miaka miwili tu baadaye hanchifu ya Kijapani ilionekana Paris. Katika maonyesho ya sanaa za mapambo ya 1925, Nakagawa Masashichi, nyumba ya kitani ya Nara iliyoanzishwa mwaka 1716, ilipeleka hanchifu zilizodariziwa kwa mkono. Nyumba hiyo ingalipo, na ingali ikiuza hanchifu.

Kitambaa cha kuficha na kuonyesha

Wakati huo hanchifu ilikwishaingia katika nafsi za watu. Mwaka 1916 Akutagawa Ryūnosuke alichapisha hadithi fupi ambayo jina lake ni Hanchifu. Mama mmoja anamtembelea profesa wa mwanawe kumpa habari kwamba kijana amefariki. Anazungumza kwa utulivu, karibu anatabasamu. Profesa anashangaa, mpaka anapoinama na kuona chini ya meza mikono ya mama yule ikitetemeka, ikiikamata hanchifu kana kwamba itaichana. Uso umefuata adabu na hanchifu imebeba msiba. Akutagawa hakuishia kwenye kusifu. Hadithi yake inahoji pia jinsi adabu inavyoweza kugeuka maigizo. Wasomaji wengi hukumbuka ile mikono.

Karibu kila Mjapani wa leo hubeba hanchifu kila siku, na si kwa ajili ya pua. Kupenga kamasi kwenye kitambaa na kukirudisha mfukoni ni jambo la kuchukiza machoni pao. Kazi hiyo ni ya karatasi laini, zinazogawiwa bure kwenye vituo vya treni zikiwa na tangazo la biashara. Hanchifu ni ya mikono iliyooshwa. Vyoo vingi vya umma havina karatasi ya kukaushia. Kwenye lango la hekalu la Shinto mtu hunawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kuomba, na hujifuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Majira ya joto ni ya unyevu mzito, jasho halikauki. Watoto wa shule ya msingi hufundishwa kubeba hanchifu na karatasi laini, na walimu wengi hukagua.

Kwa kuwa si ya kamasi, hanchifu inaweza kuonekana mbele za watu, na kitu kinachoonekana hustahili kupendeza. Mwanamke huitandaza mapajani wakati wa chakula, huifungia sanduku la chakula, humpa mwenzake aliyelia. Hutolewa zawadi mtu anapohama au anapoacha kazi, akagawa moja moja kwa wenzake kwa shukrani. Nyeupe tupu wengi huiepuka kama zawadi, kwani kitambaa cheupe ndicho kinachofunika uso wa maiti. Kuna hata Siku ya Hanchifu, 3 Novemba, iliyochaguliwa kwa kuwa karibu na siku ya kuzaliwa ya Marie Antoinette, malkia ambaye masimulizi yanasema ndiye aliyetaka hanchifu zote za Ufaransa ziwe za mraba.

Sinema na michezo navyo vimeongeza kumbukumbu. Mwaka 1977 Yamada Yōji alitoa filamu ya hanchifu za manjano, ambamo Takakura Ken anaigiza mfungwa aliyemaliza kifungo na kurudi Yūbari, mji wa makaa ya mawe huko Hokkaidō, bila kujua kama mkewe bado anamsubiri. Agosti 2006 nchi nzima ilimtazama Saitō Yūki, mrushaji wa timu ya shule ya sekondari, katika fainali ya besiboli ya Kōshien. Mchezo ulikwisha 1 kwa 1 baada ya vipindi 15, ukarudiwa kesho yake, timu yake ikashinda 4 kwa 3. Kati ya mirusho alitoa mfukoni hanchifu ya bluu iliyokunjwa vizuri na kujifuta jasho. Magazeti yakambatiza Mwanamfalme wa Hanchifu.

Paris pembeni, Yokohama kitambaani

Sasa tufike kwenye hanchifu za wabunifu, zile zinazojaza majaluba ya wakusanyaji.

Baada ya vita Japani ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, na bidhaa nyingi zilizouzwa nje kati ya 1947 na 1952 zilibandikwa maneno ya kueleza kwamba zimetengenezwa katika Japani inayokaliwa. Lebo hiyo, ikipatikana ikiwa haijang'oka, inamwambia mkusanyaji umri wa kitu bila kubahatisha. Yokohama ilirudi kuchapa miraba ya hariri, sasa kwa fremu zilizowambwa kitambaa chembamba, fremu moja kwa kila rangi. Mchoro wa rangi 20 ulihitaji fremu 20, na kila moja ilipaswa kutua mahali pake bila kuteleza hata unene wa uzi.

Mwaka 1953 duka kubwa la Daimaru liliingia mkataba na nyumba ya Christian Dior. Mwishoni mwa muongo huo Takashimaya ikapatana na Pierre Cardin. Huo ulikuwa mwanzo wa mfumo wa leseni: nyumba ya Ulaya inatoa jina na idhini ya mchoro, kampuni ya Japani inatafuta pamba, inachapa, inapinda, inauza na kulipa mrabaha. Kwa magauni mfumo huo ulikuwa na matatizo yake. Kwa hanchifu ulifaa mno. Yves Saint Laurent, Lanvin, Nina Ricci, Kenzo, Burberry: majina haya yalitandazwa ghorofa ya chini ya maduka makubwa, kwenye kaunta ya kwanza mtu anayoikuta akitoka kituo cha treni. Karani ambaye mshahara wake wa miezi kadhaa usingenunua gauni la Saint Laurent aliweza kuibeba saini yake kwa bei ya chakula cha mchana cha heshima. Ni habari ileile ya Danjūrō, zaidi ya karne moja baadaye.

Na Wajapani hawakuwa wapokeaji tu. Mori Hanae, aliyefungua karakana yake Shinjuku mwaka 1951, alikubaliwa mwaka 1977 katika chama cha washonaji wa hali ya juu wa Paris, mwanamke wa kwanza kutoka Asia kufika hapo. Vipepeo wake walitua kwenye hanchifu nyingi. Takada Kenzō, aliyefungua duka lake Paris mwaka 1970, alirudisha maua yake nyumbani kupitia mraba wa pamba. Hata Takehisa Yumeji, mchoraji aliyekufa mwaka 1934 na aliyeuza vitu vya nakshi zake katika duka lake la Minatoya lililofunguliwa Tokyo mwaka 1914, bado michoro yake huchapwa juu ya hanchifu na tenugui.

Anayetaka kukusanya hanchifu hizi ana njia nyingi. Kila tarehe 21 ya mwezi kuna soko katika hekalu la Tō-ji, Kyoto, na tarehe 25 katika Kitano Tenmangū. Maboksi ya hanchifu ambazo hazikutumika, zawadi zilizokaa kabatini miaka 30 au 40, hutoka nyumba za wazee zinapohamwa. Jina la pembeni lisimpofushe mnunuzi. Aishike hanchifu dhidi ya mwanga: pamba nzuri ya uzi mwembamba huonyesha ufumaji ulio sawa, bila vifundo. Alitazame pindo. Lililoviringishwa na kushonwa kwa mkono huwa nene kidogo na mishono yake haifanani kabisa. La mashine ni bapa na la mfululizo. Atazame mahali rangi mbili zinapokutana, kwani hapo ndipo mchapaji hujulikana. Na asiibandue ile karatasi ndogo inayotaja malighafi na kampuni iliyotengeneza. Wengi huitupa ili ibaki saini tu, na kwa kufanya hivyo hutupa nusu ya historia.

Madoa ya manjano ya mikunjo hutoka polepole katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini; dawa kali za kung'arisha huua rangi na kula uzi. Hanchifu ipigwe pasi ikiwa na unyevu, kutoka upande wa nyuma kama ina darizi. Ikihifadhiwa, ikunjuliwe mara kwa mara na kukunjwa kwa mistari mingine, maana mkunjo uliokaa miaka mahali pamoja ndio hukata kitambaa.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO ulipoenea, mashine za kukaushia mikono kwa upepo zilizimwa katika majengo mengi ya Japani. Hakukuwa na taharuki juu ya hilo. Watu walikuwa na hanchifu mfukoni. Lakini karakana za kuchapa Yokohama na Osaka zimepungua sana, na mafundi waliobaki wengi ni wazee. Mikataba ya leseni nayo huisha, na michoro yake hukoma kuchapwa.

Ndiyo maana nawaheshimu wakusanyaji wanaoandika. Anayenunua hanchifu ya Lanvin au ya Mori Hanae na kuweka pembeni yake maelezo, imechapwa wapi, kwa rangi ngapi, pindo la namna gani, kampuni ipi, takriban mwaka gani, anafanya kazi ambayo Kyōden aliianza mwaka 1784 na kuiacha nusu. Kyōden aliwaandika wabunifu. Waliokata violezo, waliomimina rangi, waliosuuza hariri katika mto Ōoka na wanawake walioviringisha pindo kwa sindano hawakuandikwa na mtu. Majina yao mengi hayatapatikana tena. Kazi yao bado inashikika, na kuitambua kunahitaji tu mtu ageuze kitambaa na kuutazama vizuri upande wa nyuma.